Mimu

Karani alikigeuza cheti changu mbele nyuma
kama anayekagua noti ya elfu,
kisha akatua kalamu penye jina la baba.
"Hapa ni Bwana Kombo. Kitambulisho chako
chasema Mbwana. Hawa ni watu wawili."

Nikamweleza. Mwaka ule wa kusajiliwa,
nina miaka saba, shule imekataa kuniandika,
aliyejaza fomu alikuwa mgeni wa pwani.
Alisikia Mbwana, akadhani twamheshimu mzee,
akaandika heshima, jina akaliacha.
Ndipo babangu, kuli wa bandarini
aliyeitwa "wewe" na kila nyapara,
akawa Bwana kwa mara ya kwanza,
katika herufi asizozijua;
yeye alisoma za chuoni tu.

Kando yangu mume wangu, Iulian,
na faili lake la buluu lisilo doa.
Mamake huko Galati alifungua kabati,
akakikuta cheti kati ya vitambaa vya meza:
saa, uzito, daktari aliyempokea.
Kikatafsiriwa, kikagongwa mihuri mitatu,
kikapanda ndege.
Mgeni amethibitika kuzaliwa.
Mwenyeji bado.

Mimi nilizaliwa Kuze, chumba cha uani,
mikononi mwa Bi Mwanashee, mkunga
ambaye daftari lake lilikuwa kichwa chake,
nacho kimezikwa.

Jumatatu nilimleta mama.
Akakaa kwenye kiti cha chuma, akasema:
"Mwana nimemzaa mimi. Wataka ushahidi gani tena?
Niulize utungu, takwambia hata saa."
Karani akatabasamu kwa adabu.
Utungu hauna namba ya kumbukumbu.

Kibali cha Iulian kimebakisha siku kumi na tisa.
Usiku hujifunza kutamka "hati ya kiapo".
Namwambia herufi moja si kitu kidogo:
mtu, ukimwondolea m, hubaki tu.
Mke hubaki ke,
vivyo hivyo walivyoniandika kwenye fomu,
kisanduku cha jinsia.
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Wakili wa Makadara alitaka elfu tatu
na chochote chenye jina la marehemu.
Kadi ya chama cha makuli imeliwa na mende.
Kitabu cha akiba cha posta kimeandikwa Buana.
Sasa nina baba watatu.

Basi Ijumaa, baada ya swala, tukenda Kikowani,
sisi wawili na simu yenye ufa.
Jiwe la baba limeinama kidogo.
Aliyelichonga alitumia zile herufi za chuoni,
na mwanzo kabisa wa jina, palepale, mimu:
kichwa kidogo cha duara
kimeshikana mkono na be,
kimefunikwa na kuvu.
Iulian akalowesha leso kwa maji ya chupa
akaisugua hiyo moja,
polepole, kama anayeosha sikio la mtoto,
kisha akapiga picha.

Leo karani ameitazama kwa muda mrefu.
"Hiki ni Kiarabu," akasema.
"Ni Kiswahili," nikasema.
Akanirudishia simu.
"Kitafsiriwe, kigongwe muhuri.
Kama kile cha mumeo."