Super kwa Bwana Segundo

Baba alikuwa na pikipiki moja, cc mia na ishirini na tano,
nyekundu iliyochujuka ikawa rangi ya nyanya ya kuchemsha.
Kila Jumamosi, kabla ya kupeleka simbilisi
kwa wachomaji wa Catambuco,
aliingia kituo cha mafuta cha Nubia Pantoja,
akainua kidevu, akasema, "Ile nzuri."
Na Nubia akapaza sauti hadi foleni nzima isikie:
"Super kwa Bwana Segundo!"

Wenye malori walicheka.
Vijana wenye pikipiki mpya walitazama pembeni.
Mimi nilikaa nyuma, miaka tisa, kizimba mapajani,
simbilisi wakinikojolea sketi ya shule,
nikijiona binti wa mtu anayejua thamani ya kitu.

Sasa ni fundi. Injini ile naijua
kama ulimi unavyolijua pengo la jino.
Mgandamizo wake tisa kwa moja, basi.
Nawaambia wateja: oktani si pilipili.
Oktani ni subira,
mafuta kubanwa na pistoni yakanyamaza,
yasiwake kabla plagi haijayaita.
Injini inayobana sana inaihitaji subira hiyo;
ikiikosa, hugonga, kokoto ndani ya debe.
Ya Baba haikubana kitu.
Na huku Pasto, mita elfu mbili na mia tano juu,
volkano ikituchungulia kila asubuhi,
hewa ni nyepesi kama uji wa mgonjwa.
Wengine humpigia mbuzi gitaa.
Baba, nilidhani,
alimnunulia na viatu vya kuchezea.

Hata hivyo nilijaribu. Daftari ninalo.
Tangi nne za kawaida, nne za super,
barabara ileile ya Buesaco, mzigo uleule.
Kilomita arobaini na moja kwa lita.
Arobaini na moja na nusu.
Nusu hiyo ni upepo,
au ni mimi, wiki ile nilikuwa silali wala sili.
Mara moja tu iligonga:
napanda kutoka bonde la Patía, jua la saa saba,
matikiti kumi na sita nyuma.
Nilikwangua masizi ndani ya silinda.
Ikanyamaza. Kwa kawaida ileile.

Tulipomzika nilifungua sanduku lake la spana.
Chini kabisa, risiti,
zimefungwa kwa kipande cha tyubu.
Miaka kumi na moja.
Kawaida. Kawaida. Kawaida.
Ya mkesha wa Krismasi, kawaida.
Ya siku niliyopata kipaimara,
alipovaa tai na kunipitisha kwa Nubia
ili watu waone tai,
kawaida, lita tatu.

Nikaenda kwa Nubia na furushi lile.
Hakulishika. Alifuta mikono kwenye aproni.
"Alilipia kilichotoka bombani," akasema.
"Sauti nilimpa bure."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.
"Na sakafu hiyo unayoikanyaga,
ulidhani imeota?"
Nikatazama chini.
Vigae vya buluu na vyeupe, ukuta hadi ukuta,
ila pembeni mwa jiko, saruji tupu,
nafasi ya vigae vinne.

Wateja bado wananiuliza: super inalipa?
Nawajibu: soma kitabu cha pikipiki yako.
Kama hakikudai, weka hela mfukoni.
Wanaondoka wakiniona bahili.
Mmoja, Jairo Botina, hununua super hata hivyo,
anasema pikipiki inamshukuru.
Sibishani naye. Shukrani haina kipimo karakanani.

Leo Jumamosi. Vizimba viwili nyuma.
Nubia ana mvi sasa, na goti linamsumbua.
Bomba la kawaida liko mkononi mwake tayari,
lakini hajalitia tangini. Ananitazama.
Nyuma yangu vijana watatu, pikipiki zinang'aa,
bado zina plastiki kwenye viti.

Nainua kidevu.