Anwani ya Kudumu

Mwezi wa pili simu inaita nikiwa maegeshoni,
injini inanguruma kwa ajili ya joto tu.
Sauti ya mwanamke, imechoka kabla ya saa tatu:
Cheti chako kinatambulika Montana?
Unaweza kulala chini wiki mbili mfululizo?
Chini ndiko ninakolala vizuri, nasema.
Anacheka kidogo. Nimepata kazi.

Kisha fomu. Jina: Maren Tollefsrud.
Namba ya leseni. Kundi la damu.
Anwani ya kudumu:
hapo kalamu hugoma kila mwaka
kama punda mbele ya daraja la mbao.
Naandika ya dada yangu, Darlene,
anayeniwekea barua katika boksi la viatu
na kuniuliza kila Krismasi kama bado sijachoka.

Watu hudhani ni ving'ora na damu.
Ni miguu.
Kambi ya moto ina watu mia sita,
basi miguu elfu moja na mia mbili,
na jioni yote hujipanga mbele ya hema langu
ikinuka majivu, soksi, utomvu wa msonobari.
Malengelenge mapana kama sarafu.
Kucha zilizogeuka zambarau.
Naosha, natoboa, nakausha, nabandika.

Leland Matt, Msalishi, kiongozi wa kikosi,
ananyoosha wake bila kuutazama.
Babu zetu waliuwasha wenyewe, asema,
kila vuli, mdogo mdogo, kama mtu afagiaye uwanja.
Tukakatazwa kufagia.
Anautazama mlima unaowaka.
Haongezi neno, anavaa kiatu.

Xabier Etcheverry, miaka kumi na tisa,
alikificha kisigino chake siku nne.
Kila saa ya ziada ilikuwa tairi la gari
analolijenga kichwani tangu Idaho.
Nilipovua soksi, ngozi ilikuja nayo.
Hakulia. Alisinzia,
mguu ndani ya beseni, mdomo wazi,
nami nikaushika hadi maji yakapoa.
Nyuma yake foleni ya watu kumi na mmoja.
Hakuna aliyekohoa.

Nimeujua mwaka kwa viungo vya mwili.
Kiangazi ni miguu.
Vuli ni mabega, matufaha ya Yakima,
mifuko mizito na ngazi zisizo na adabu.
Theluji ikianguka ni magoti,
hasa saa tisa na nusu alasiri,
magoti ya mawakili waliosema
mara moja tu, ya mwisho, halafu twende.
Barafu ikianza kulegea ni vidole,
viwanda vya samaki vya Alaska,
visu, na baridi inayochelewesha maumivu.
Moyo? Mara mbili tu.
Wote wawili walikuwa wapishi.

Septemba theluji ilikuja usiku, bila kuitwa,
ikauzima moto tulioushindwa siku arobaini.
Asubuhi tulisimama na vikombe vyetu
kama wageni waliokuta harusi imekwisha.
Mahema yakashuka. Mikono ikashikana.
Na karani akanipa bahasha yangu ya mshahara,
imerudi, imepigwa muhuri: Amehama.

Kule bondeni simu ilipopata mtandao
ilitetemeka dakika nzima.
Darlene, mwezi wa sita: Tunahamia Spokane.
Darlene, mwezi wa saba: Umepata ujumbe?
Darlene, mwezi wa nane, kwa sauti ndogo:
Kuna chumba cha nyuma. Kina dirisha.
Boksi lako nimeliweka kitandani.

Nikampigia nikiwa kando ya barabara.
Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi.
Nyumba namba ngapi? nikauliza.
Sikuwa na karatasi,
nikaandika nyuma ya kiganja changu
kwa kalamu nene ya wagonjwa,
ile ya kuandikia saa mkanda ulipofungwa
ili daktari wa mbele ajue
damu imezuiwa tangu lini.

Mimi, ninayenawa mara thelathini kwa siku.
Nilipofika Yakima bado ilisomeka.