Ngozi ya Kitunguu

Ragot ameinamia boneti yangu, huku Obunga,
msasa wa maji mkononi, namba elfu mbili.
Salamu hajajibu.
"Hii si rangi," asema, "ni poda ya bibi harusi."

Miezi saba tu tangu niitoe bandarini.
Kokoto moja ya lori la miwa, pale Awasi,
ikabandua kipande sawa na punje ya mtama,
na bati limeshashika kutu.

Ananionyesha Pijo ya babake uani:
kuku hulala juu yake, watoto wameichora kwa misumari,
ila ukipangusa vumbi unaona meno yako.
Mzee aliipaka mwenyewe,
akasubiri, akapaka tena, mara sita,
katika chumba kisicho na dirisha.

Siku hizi rangi huchanganywa na maji,
mashine hupima kila tone,
juu yake vanishi ngumu isiyojua kupinda,
nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Mzee aliugua nini?" nauliza.

Ragot anazima kompresa.
Anakohoa, anatafuta barakoa mfukoni,
kisha anakirudia kile kidonda kidogo
polepole,
kama anayemtia mtoto dawa ya jicho.