Kadi ya Oili

Chini ya boneti ya Kenta ya baba,
kando ya betri, kwa uzi wa mkonge,
inaning'inia kadi:
kipande cha boksi la sabuni
ndani ya mfuko wa maziwa, kisilowe.

"Njoo usome, madamu," ananiita Fundi Hoza,
hapa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
"Mwandiko huu umetushinda sote watatu."
Nausoma. Mimi ndiye niliyezizoea
saba zake zilizokatwa tumbo.

Tarehe. Kilomita. Oili lita saba. Filta mpya.
Elfu tano.
Elfu tano tena.
Elfu tano, na ikizidi
imezidi safari moja ya machungwa ya Muheza.
Baba hakuwa mtu wa kuwahi popote.
Harusini alifika pilau imebaki ukoko,
mazikoni alikutana na watu wanarudi.
Lakini kwa hili alihesabu kama mwenye deni.

Hapa elfu tano zinashuka kuwa elfu tatu.
Pembeni ameandika: Pangani. Vumbi.
Ni mwaka ule wa kubeba kokoto,
mama akiloweka shati moja
beseni zima linageuka uji wa ulezi.
Kitabu cha gari kilisema elfu kumi.
Kitabu kiliandikwa na mtu
asiyeijua Kigombe mwezi wa pili.

Kisha kalamu inabadilika rangi.
Elfu tano, oili tu.
Filta: imeoshwa.

"Imeoshwa!" Hoza anacheka hadi spana inamponyoka.
"Karatasi ile? Si sawa na kuosha chujio la chai
kwa chai?"

Imeoshwa.
Imeoshwa.
Elfu nane, oili ya kuongezea, lita moja na nusu.
Elfu kumi na moja, na mbele yake hakuna kitu,
tarehe peke yake,
kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu
akakumbuka hana alichobeba.

Januari. Julai. Januari.

Mimi tarehe hizi nazijua.
Januari ile nilipanda basi Kange
na godoro, ndoo yenye mfuniko,
na stakabadhi ya ada iliyokunjwa mara nne.
Ilikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi,
mhasibu wa shule akaishika kwa kucha.
Filta ile niliivaa, viatu jozi moja.
Oili ile niliisoma kidato cha tano na cha sita,
nikapata A ya fizikia,
na swali nililolijibu vizuri kuliko yote
lilikuwa la msuguano.

Nati ya sampu inalegea.
Kinachotoka hakina haraka,
kizito, cheusi, kina harufu ya sufuria iliyosahauliwa.
Hoza anakikinga kwenye dumu:
kuna mtu Duga anajenga banda,
atapaka nguzo, mchwa wasile.
"Hakipotei kitu hapa," anasema,
anapitisha kidole ndani ya mfuniko, anakitazama juani.
"Labda pistoni."

Anataja bei. Namwomba aitaje tena.

Baba amekaa nje juu ya ringi ya Fuso,
macho yake ya siku hizi
hayamwonyeshi hata namba ya gari lake mwenyewe.
"Mwambie huyo fundi," anapaza sauti,
"kila elfu tano nilibadilisha. Oili na filta.
Amuulize yeyote Tanga hii."

Hoza ananitazama.
Kadi iko mkononi mwangu.

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba," nasema.

Upande wa nyuma una nusu ya neno *povu*
na nafasi ya kutosha.
Naomba kalamu. Tarehe. Kilomita.
Saba naikata tumbo.
Filta: mpya,
ingawa bado haijanunuliwa,
na duka la vipuri linafungwa saa sita
leo Ijumaa.