Kuota

Miaka thelathini na moja natengeneza meno ya bandia
katika chumba cha nyuma, mtaa wa Tímár, mji wa Pécs:
meno ya walimu, ya mjane wa mchinja nguruwe,
ya kasisi aliyetaka mwanya wake ubaki
kwa kuwa marehemu mama yake aliupenda.
Kinywa nakijua kama mkulima ajuavyo konde lake,
kipi kimepandwa, kipi kimejiotea.

Basi Daktari Rozgonyi alipogeuza kompyuta
nikaona nyuzi nyekundu zimejipenyeza kati ya seli
za kile kipande walichokata kwenye utumbo wangu mpana,
nikauliza hao ni nani. Akataja jina.
Nikacheka. Samahani, nilicheka.
Huyu namfahamu! Mkazi wa ufizi!
Nimemsugua kwa brashi na siki
tangu nikiwa mwanagenzi kwa mzee Hámori.
Sikujua kuwa ana miguu.

Hana. Labda alimezwa na mate,
labda alidandia damu.
Akifika hunusa sukari kwenye koti la seli iliyoharibika,
hung'ang'ania hapo kama kupe,
na askari wa mwili wakija
huwaziba macho kwa kiganja:
hapa hakuna kitu, rudini.

Ndiye aliyeniletea?

Akavua miwani. Umri wa binti yangu, kucha kazitafuna.
"Tumekuta nyumba inaungua, naye kakaa kando.
Hatujui kama aliwasha moto
au aliona moshi akaja kuota."

Wamo wengine humo, akasema, wasiohesabika,
na wengi wao ni wa heri:
huchachusha pumba za ngano, maharage, kabichi,
wakatoa kitu chenye harufu ya siagi iliyochacha,
na ukuta wa utumbo hukila kama mkate wa asubuhi.
Nikakumbuka soseji za Januari, nyekundu kwa pilipili,
zikining'inia darini kwenye moshi;
kabichi nikimwachia Etelka.
Wale wa heri sikuwalisha.
Walihama, au walikufa, sijui.
Hawakuaga.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa.
Ila kuna nguo zilizoshonewa ndani,
hazivuliki.

Kwenye basi Etelka aliupakata mfuko wa dawa.
"Ni mimi? Kwa busu?
Ufizi wangu unatoka damu tangu nimzae Gellért."
Nikamwambia alivyosema daktari:
vinywa vingi vinaye, na wenyewe wazima.
Hakuamini. Usiku ule alinipa shavu.
Wiki tatu, shavu.

Sasa ini lina doa. Walichoma sindano,
wakamkuta humo pia,
kasafiri na kundi lake
kama mpishi anayefuata jeshi.
Si kijidudu tu? nikasema. Nipeni kidonge, afe.
Vidonge vipo, akasema, lakini havichagui,
vitapita kama mvua ya mawe
hata juu ya wale wachache wa heri waliobaki.
Wanatafiti. Kwangu, bado.

Alasiri ya jana Bi Czeglédi alikuja kujaribu
meno yake ya chini. Uma, nikamwambia.
Akauma nta. Alama kumi na nne, moja imepinda.
Nilizitazama chini ya taa
kupita ilivyohitajika
mpaka akauliza kama kuna kasoro.

Alipotoka, Etelka akaingia na koti lake la mvua,
akafunga mlango kwa komeo,
akanibusu mdomoni, kwa nguvu,
kama mtu anayelipa deni asilokubali kuwa analo.
Alikuwa na ladha ya karafuu, ile dawa yake ya jino.
"Waje," akasema. "Waje wote."

Nta ilikuwa bado mezani, imeumwa,
haijaganda.