Mpangaji wa Chumba cha Sita

Kabla sijamwona nilikwishapewa sura yake.
Havijawa alinipa nusu, tukichambua mchele uani:
"Yule hasalimii. Ana maringo ya mwenye akiba benki."
Mama Nuru akamalizia, ufagio kwapani:
"Na usiku anasoma. Si Kurani, si Biblia. Anasoma vitu."

Basi nami nikasikia.
Mwananyamala ukuta ni tofali moja na rangi ya mkopo.
Saa nane za usiku, siku yangu ya mapumziko,
sauti inalirudia neno moja, inalitafuna, inalitema,
inaanza upya.
Nikaivuta kanga hadi puani.
Tangu hapo tukipishana bombani nikageuza ndoo,
na uso nikaupeleka pamoja nayo.

Mwezi mzima hivyo. Kisha umeme ukaisha,
zamu ya kununua LUKU ikiwa yake.
Nikagonga mlango na hasira ya kuazima.

Akafungua. Akafumbua mdomo.
"Sh—" akasema. "Sh—"
Mishipa ikamsimama shingoni. Mkono ukapiga paja
mara moja, mara mbili,
kama anayewasha pikipiki iliyolala mvuani.
Nilitaka kummalizia; ulimi wangu mwepesi, wa uani.
Sijui kilichonizuia.
Nikangoja.

"—ikamoo, dada."

Neno lile lile la saa nane,
safari hii limekuja na macho yake.

"Marahaba," nikasema. Likanilemea.

Anaitwa Andongwisye, jina lenyewe mtihani.
Anauza vipuri Gerezani; bei huwaandikia wateja
kwenye maboksi ya plagi.
Tukakaa kizingitini, tukisubiri namba ziingie simuni.
Akaniuliza, polepole, kama anayevuka mtaro kwa ubao,
eti ni kweli, mimi, usiku, nakwenda kule... kwa wanaume?
Nikacheka hadi nikashika ukuta.
Nakanda unga, mdogo wangu. Mikate. Tanuri la Kinondoni.
Nani kakwambia?
Hakuhangaika na neno. Alinyoosha kidole uani,
pale pale penye ungo.

Asubuhi nikawapelekea ukweli wetu wote wawili,
ungali na moto wa tanuri.
Havijawa alinisikiliza, akipepeta, pumba zikiruka.
"Eeh," akasema, akamtazama Mama Nuru,
"kumbe siku hizi mnafunguliana milango."