Safu ya Baba

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabete, mwezi wa saba.
Baridi imekalia vioo kama mgeni asiyeaga.
Ndani, hita inakohoa. Mkakao namba kumi na nne
umechanua usiku, bila kungoja ruhusa ya mtu:
maua yametoka kwenye gome lenyewe, vipele vya shina,
madogo kuliko kifungo cha shati la mtoto.

Navaa miwani. Nashika kibano.
Ua hili lina hila. Petali tano,
kila moja imejikunja kuwa kikofia,
na chini ya kikofia chavua imefichwa
kama noti kwenye pindo la leso.
Katikati, uzio wa stameni bandia, zambarau, wima,
zinalinda mlango na hazizai kitu.
(Nimewahi kufanya kazi katika ofisi ya namna hiyo.)

Nina siku moja. Kesho ua lisiloguswa litadondoka
likiwa bado zuri.
Wala si kila chavua hupokelewa: mti huu
hujikataa wenyewe, humkataa na nduguye,
unataka wa mbali. Basi mimi ndiye mshenga.
Napeleka posa kutoka chungu namba tisa,
nasugua mara mbili, nafunika, nafunga uzi mwekundu,
naandika: mama, kumi na nne. Baba, tisa.
Nyuzi mia mbili wiki hii.
Yaliyoshika, sita.

Daktari Kwamboka anataka chotara wa ua pana,
uzio wake uliotanuka, usubi apite bila kuhangaika.
Usubi gani, nawaza, katika baridi hii?

Halafu jana. Upande wa ukutani, chini kabisa ya shina,
tunda kama kidole gumba, kijani, lenye mifereji,
na halina uzi.
Nikainama. Nyuma ya chungu, vipande vya mgomba
vimeoza, vyeusi, vinavuja maji.
Otiato, anayefagia, akajikuna shingo:
"Nilivitoa Kangemi, dada. Niliona udongo una kiu."
Kisha, akicheka peke yake:
"Kiingiacho mjini si haramu."

Na katika harufu ile ya uozo
kitu kidogo, nukta iliyotoroka sentensi,
kikapita mbele ya miwani yangu
kikazama chini ya kikofia, bila kibano.

Sheria inasema likatwe: mzazi asiyejulikana
huharibu hesabu.
Nimefungua daftari. Mama: kumi na nne.
Safu ya baba nimeiacha wazi,
nikamwambia Otiato
kesho aje na mgomba mwingine.